Usiite Harambee, Anzisha Chama: Majibu kwa Wanaotaka Habari za Uchunguzi Zilipwe na Wasomaji

Mwezi uliopita niliandika kwenye safu hii kwamba habari za uchunguzi zikilipwa na wasomaji wenyewe, kidogo kidogo, zinaweza kusimama hapa kwetu bila kungoja tangazo la kaunti wala mfadhili wa ng'ambo. Maswali yamekuja mengi, ya maripota waliopunguzwa kazini, ya wanaochanga na wanataka kujua hela yao inaenda wapi, na moja la ofa ya hela ya mwanasiasa, ambalo mwenye swali nilimjibu mwenyewe kwa simu siku ileile kabla halijafika hapa. Nimechagua yale ambayo naona yatasaidia wengi. Kazi hii ndio naifanya kila siku, dawati letu ni dogo na linaishi kwa michango, kwa hiyo haya ninayosema tunayaishi.

*Dada, salamu sana. Mimi ni ripota, nimekaa gazetini miaka mpaka mwaka jana wakapunguza watu nikaenda nyumbani. Sasa tuko watatu hapa Nakuru, mmoja ni wa kamera, mwingine anasoma hesabu za serikali vizuri kuliko sisi wote, tunataka tuanzishe chombo chetu cha uchunguzi, bila matangazo, wasomaji ndio walipe. Kila tunayemwambia anasema Mkenya halipii habari. Ni kweli? Na tukianza tuanzie wapi? — Ripota, Nakuru*

Kaka, hao wanaosema hivyo waambie wafungue simu waangalie meseji zao za M-Pesa za mwezi mmoja tu. Bili ya hospitali ya jirani, mazishi, fees ya mtoto wa binamu, kanisa, msikiti. Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha watu walichanga mamilioni ndani ya siku chache kuwasaidia waliojeruhiwa na familia za waliouawa, na wengi walikuwa wanatumia watu wasiowajua kabisa. Mkenya anatoa, hilo silijadili na mtu. Shida ni kwamba tumezoea kutoa kwa harambee, yaani kuna dharura, namba inazunguka kwenye magrupu, watu wanatuma, jambo linaisha, kila mtu anaendelea na maisha yake. Sasa chombo cha habari hakina siku ya kuisha, kodi ya ofisi inakuja kila mwezi na stori moja nzuri inaweza kula miezi minne bila mtu wa nje kuona hata sentensi. Ukiita harambee utapata hela ya mwanzo, halafu mwezi wa nne unaomba tena, wa saba unaomba tena, mpaka watu wakiona jina lako wanapita tu.

Nyinyi anzeni kama chama cha akiba. Kila mtu kiasi kidogo, tarehe inajulikana, daftari liko wazi kwa wote, na kuna siku ya kuketi mtu aulize swali lolote analotaka. Tofauti moja tu muiseme mapema kabisa na muirudie: hapa hakuna siku ya kugawana, na mwanachama halipii haki ya kuchagua nani achunguzwe na nani aachwe.

Kwa upande wa kulipa, usimwambie msomaji akumbuke mwenyewe kila mwezi, hatakumbuka, na sio kwamba hakupendi. Mwishoni mwa 2024 Safaricom walileta M-Pesa Ratiba, mtu anapanga malipo mara moja yanajituma yenyewe kila wiki au kila mwezi, na anaweza kuyasimamisha wakati wowote. Itumieni hiyo kuanzia siku ya kwanza na muweke maelezo ya kuipanga hatua kwa hatua, na picha za skrini, maana wengi hawajui hata kama ipo. Kiasi kiwe kile ambacho mtu hawezi kukisikia kikitoka. Watu elfu moja wakitoa mia mbili mbili kwa mwezi hiyo ni laki mbili, ni mishahara midogo ya watu watatu na kitu cha nauli, basi, lakini ni laki mbili ambayo hakuna gavana anaweza kuikata kwa simu moja. Hapo ndipo nguvu iko. Tangazo kubwa moja likiondoka gazeti linatikisika, wanachama kumi wakikasirika na stori wakaondoka mnaendelea na kazi.

Na hii sio ndoto. Ufaransa kuna Mediapart, walianza Machi 2008, kiongozi wao wa wakati ule Edwy Plenel alikuwa amewahi kuwa edita mkubwa wa gazeti la Le Monde, wakasema hatuchukui tangazo hata moja, msomaji alipe yuro 9 kwa mwezi. Waliambiwa maneno yaleyale mnayoambiwa nyinyi, kwamba kwenye intaneti kila kitu ni bure nani atalipa. Desemba 2012 wakaandika kwamba waziri wa bajeti, Jérôme Cahuzac, yule aliyekuwa anapambana na wakwepa kodi, ana akaunti ya siri Uswisi. Jamaa alisimama bungeni akakana kabisa, vyombo vingine vikawatilia shaka Mediapart kwa miezi, wao wakashikilia. Machi 2013 alijiuzulu, Aprili akakiri. Leo wana wasomaji wanaolipa zaidi ya laki mbili, na kauli yao ni kwamba ni wasomaji wetu tu wanaoweza kutununua. Mwaka 2019 waanzilishi walihamisha umiliki wote ukaingia kwenye mfuko usio wa faida ili hata wao wakifa hakuna tajiri atakayekuja kununua hisa. Hilo la umiliki watu wengi hulisahau, nyinyi msilisahau. Hapa Kenya mnaweza kusajili kampuni ya dhamana, ile isiyo na hisa, hakuna wa kugawana faida na hakuna wa kuuza. Fanyeni hivyo wakati bado mnapendana.

Swali litakalowagombanisha ni hili: stori iwe wazi kwa wote au aliyelipa ndio asome? Mediapart wamefunga, asiyelipa hasomi nyingi. Daily Maverick wa Afrika Kusini, waliokuwepo tangu 2009, mwaka 2018 walifungua uanachama wa kulipa unachoweza na stori zikabaki bure kwa kila mtu. Mimi nasimama na Daily Maverick bila kusita. Stori ya dawa zilizoibwa hospitali ya kaunti inamhusu zaidi mama aliyekosa hizo dawa, na yeye ndiye hana mia mbili. Watu wetu wanaelewa kabisa kulipa ili mwingine asome, wanafanya hivyo kila siku kwa karo. Mwambie hivyo tu, kwa maneno hayohayo.

Mwisho kwa hili, msiombe hata shilingi kabla hamjatoa stori moja iliyokamilika. Uholanzi De Correspondent walipata zaidi ya yuro milioni moja mwaka 2013 kabla ya kufungua, karibu watu elfu 19 walilipa kabla, na ikasimama hadi leo. Lakini mwanzilishi, Rob Wijnberg, alikuwa anajulikana tayari nchi nzima kama edita. Walipojaribu kuleta toleo la Kiingereza, wakachangisha dola milioni 2.6 mwishoni mwa 2018, watu wengi wakaelewa kwamba ofisi itakuwa Marekani, kumbe haikuwa hivyo, maneno yakawa mengi. Walikuwa na wanachama zaidi ya elfu 50 kutoka nchi zaidi ya 130, na bado Januari 1, 2021 walifunga. Wanachama wengi waliotawanyika dunia nzima hawana jambo moja linalowauma pamoja. Nyinyi mna Nakuru. Chukueni Nakuru, maji yake, ardhi yake, hospitali yake, na msitoke hapo mpaka mtu wa Naivasha na wa Molo waseme hawa ni wetu.

*Dada, nina haraka. Tumeanza juzi juzi tu na tunadaiwa kodi. Wiki hii msaidizi wa mwanasiasa mkubwa wa huku amenipigia anasema boss amependa kazi yetu, anataka kutuma laki tano kwa paybill kwa mafungu mawili, hana masharti yoyote. Wenzangu wanasema tuchukue, hatujawahi kumwandika. — Kisumu*

Msichukue, na kama imeshaingia irudisheni yote na barua, na nakala ya barua muiweke.

Hamjawahi kumwandika, sawa, je siku itakapobidi? Hata mkiandika kwa haki kabisa atatoa screenshot ya ile M-Pesa na kusema hawa niliwalisha, leo wamenigeuka kwa sababu niliacha kuwapa. Na msomaji atamwamini yeye kwa sababu hela ilikuwepo kweli. Hiyo ya mafungu mawili ni kwa vile M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mpigo mmoja, sio ajabu, lakini angalia vizuri mafungu hayo yatatoka kwa majina gani, mara nyingi hata sio lake.

Andikeni sheria ya michango leo, ukurasa mmoja, kabla simu nyingine haijalia. Amueni kiwango ambacho mtu mmoja hawezi kuzidisha kwa mwaka, sisi tumekubaliana kwamba hakuna mtu mmoja atakayekuwa zaidi ya asilimia 5 ya mapato yetu. Hakuna hela ya mwanasiasa au chama cha siasa, hakuna ya kampuni inayofanya biashara na kaunti, hakuna ya serikali yoyote. Anayetoa zaidi ya kiasi fulani jina lake linachapishwa, hataki jina lichapwe basi atoe kidogo kama wengine. Afrika Kusini kuna amaBhungane, kundi la uchunguzi lililoanza 2010 likiwa karibu na gazeti la Mail & Guardian na kujitegemea kabisa 2016, wao hawagusi hela ya serikali wala ya makampuni, na wako hai. Sheria ikishakuwepo kazi ya kukataa inakuwa nyepesi maana hukatai mtu, unasoma karatasi.

Kuhusu kodi, ongeeni na mwenye nyumba, au hameni mfanyie kazi kwa nyumba ya mmoja wenu. Chumba sio chombo. Watu wengi wazuri wamepotea kwa ajili ya kodi ya miezi miwili.

*Nimekuwa nikitoa 200 kila mwezi kwa chombo kimoja cha uchunguzi, sikitaji, tangu mwaka jana. Kusema ukweli nimeona stori mbili tu za maana. Blogu za udaku zinatoa ishirini kwa siku bure. Hela yangu inaliwa au? — Mchangiaji, Mombasa*

Swali lako ni la haki kabisa na kila anayechanga aulize hivyo. Chombo kikikasirika ukiuliza hivyo, simamisha mchango.

Lakini ngoja nikuonyeshe stori moja tulivyoifanya ujue hela inaenda wapi. Zahanati ya kijijini, kaunti nisiitaje. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba jengo limelipwa lote na halitumiki. Mstari mmoja, kurasa mia ngapi. Ripota wetu akaomba kaunti impe mkataba na BQ, ile orodha ya vifaa na kazi za ujenzi na bei zake, kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu, hawakujibu, akalalamika kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, karatasi zikaja baada ya muda mrefu. Akatoa CR12, ile hati ya msajili wa kampuni, ya mkandarasi kupitia eCitizen kujua wakurugenzi ni akina nani, halafu CR12 za kampuni nyingine mbili zilizoshindana naye kwenye tenda ileile. Sanduku la posta lilikuwa moja kwa zote tatu. Hapo ndio akasafiri.

Zahanati ipo, ina milango, imepakwa rangi. Ukiangalia haraka haraka kwa picha unasema jengo si liko sawa. BQ inasema mabati geji 28. Ripota akapanda ngazi na fundi wa pale kijijini, wakaangalia chini ya bati kule linakoandikwa na kiwanda, geji 32. Kwa mabati namba ikipanda bati ni jembamba, kwa hiyo kaunti imelipia bati zito ikawekewa jepesi, jengo zima. Sasa hapo ripota mchanga angeandika. Edita akasema hapana, huenda yamebadilishwa baadaye, huenda ni upande mmoja tu. Wakarudi na kwantiti saveya, mtaalamu wa kupima na kukadiria ujenzi, tuliyemlipa sisi wenyewe, akapima paa lote, akapima unene wa sakafu kwa kutoboa, sakafu nayo ilikuwa nusu ya ilivyoandikwa, akaandika ripoti na kuisaini. Kisha maswali kwa maandishi kwa mkandarasi, kwa injinia wa kaunti aliyesaini kwamba kazi imekamilika, kwa wakurugenzi wa zile kampuni mbili, kila mmoja akapewa siku za kujibu. Kisha wakili akasoma stori mstari kwa mstari. Jumla yake, wewe na wenzako mlilipia mshahara wa mtu mmoja karibu nusu mwaka, nauli, saveya, wakili, na mwisho wake umesoma kwa dakika kumi na mbili.

Hicho ndicho kitu udaku hauwezi kukupa hata ukitoa ishirini kwa saa. Lakini na wao wanaokuchukulia hela wana deni kwako: wakwambie mwezi huu tumefanya nini hata kama hakuna stori. Sio lazima wataje nani anachunguzwa, hiyo ni hatari, wanaweza kusema tumeomba nyaraka kwa ofisi tatu, mbili zimekataa, stori moja tumeiua kwa sababu ushahidi haukutosha. Stori iliyouawa kwa kukosa ushahidi ni kazi ya kujivunia na mchangiaji aambiwe. Na mara moja kwa mwaka hesabu yote, imeingia ngapi, mishahara ngapi, edita mkuu analipwa ngapi. Waandikie uwaombe hivyo viwili. Wakinyamaza, hela yako ipeleke kwingine, lakini usiache kutoa.

*Shikamoo dada. Niko Mwanza, nataka kuanzisha kitu kama hicho mtandaoni kwa ajili ya habari za Ziwa, uvuvi, madini. Naogopa mambo ya leseni. Huku tunaweza kweli? — Kijana wa Mwanza*

Marahaba mdogo wangu. Kuogopa ni akili, usiidharau.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ndizo zilizoleta leseni hiyo Tanzania, wakati ule, kwa shilingi za Tanzania, ilikuwa laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka, na asiye na leseni faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miezi 12. Blogu nyingi zilizima taa mwaka ule. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo na ada zimeguswa, kwa hiyo usisikilize mtu wa kijiweni, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwenyewe uulize kazi yako inaingia kundi gani na unatakiwa kulipa ngapi leo. Halafu hiyo ada iweke kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza kama vile unavyoweka kompyuta, wachangiaji wako waione imeandikwa, kwa sababu chombo cha uchunguzi kisicho na leseni kinamrahisishia kazi kila aliyeandikwa, hahitaji kukanusha stori, anapiga simu TCRA tu na unafungwa kwa karatasi.

Kuna mambo yametokea huko ambayo sitayapunguza uzito. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa anaandikia gazeti la Mwananchi kuhusu mauaji ya Kibiti, alichukuliwa Novemba 2017 na mpaka leo mke wake hajui aliko. Gazeti la Mseto lilifungiwa miaka mitatu mwaka 2016, na Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha ikasema kufungiwa kule hakukuwa halali, lakini gazeti likifungwa wafanyakazi hawalipwi wakingoja hukumu. Kwa hiyo usianze na mkubwa wa nchi. Anza na nyavu, na mialo, na nani anauza leseni za mabwawa ya samaki, vitu ambavyo mvuvi wa Ukerewe anajua ni kweli kabla hujaandika. Michango ipokee kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chombo, isiwe namba yako binafsi hata siku moja. Na usifanye peke yako. Peke yako hapana.

*Tumeandika kuhusu mfanyabiashara mmoja wa ardhi na wakili wake ametuletea barua ya kutaka tufute na tuombe radhi ndani ya siku saba, la sivyo mamilioni mahakamani. Stori ni ya kweli. Hatuna wakili. — Eldoret*

Msifute kwa woga na msijibu kwa hasira, msiandike chochote kwenye mitandao kuhusu hiyo barua mpaka mwanasheria aisome. Hapa Kenya kashfa kama kosa la jinai iliondolewa na Mahakama Kuu Februari 2017 kwa hiyo jela kwa hilo haipo, lakini madai ya hela yapo na yanaumiza. Muda wa mtu kushtaki kwa kashfa ya maandishi ni miezi 12, wengi hutuma barua tu wakitegemea utatetemeka.

Leo hii kusanyeni kila kitu mahali pamoja, kila karatasi imetoka wapi na lini, rekodi za mahojiano, na zaidi ya yote yale maswali mliyomtumia kabla ya kuchapa na tarehe mliyompa kujibu. Kama hamkumpa nafasi ya kujibu, mwambieni wakili hivyo mwanzo kabisa, na mumpe nafasi hiyo sasa. Stori ikiwa na kosa dogo, tarehe au cheo, rekebisheni hilo wazi wazi. Ya kweli yabaki.

Wakati mwingine mashtaka yanaanza hata hujui. Juni 2023 kampuni za Moti huko Afrika Kusini zilipata amri ya mahakama dhidi ya amaBhungane bila wao kuambiwa, warudishe nyaraka zilizovuja na waache kuandika. Wangerudisha zile nyaraka, watu waliozitoa wangejulikana. Walienda mahakamani haraka, na Julai Jaji Roland Sutherland akaitupa ile amri na kusema ni kutumia vibaya mahakama. Walikuwa na mawakili tayari. Hapo ndipo nataka kila anayesoma safu hii asikie: kila mwezi kabla ya mshahara toeni sehemu ya michango iende akaunti ya kesi, isiguswe, hata ikiwa elfu tano.

Na ikizidi nguvu, waambieni wachangiaji wenu. Hapo sasa ndio harambee ina kazi yake, kwa sababu hii ni dharura kweli na tayari mna watu wanaowajua. Malaysia, Februari 2021, mahakama ya juu kabisa iliitoza tovuti ya habari ya Malaysiakini faini ya ringgit laki tano kwa sababu ya maoni ya wasomaji yaliyowekwa chini ya habari, zaidi hata ya kiasi upande wa serikali ulichoomba. Wasomaji walichanga yote ndani ya saa chache siku hiyohiyo. Wao walikuwa wamefanya kazi tangu 1999, watu walikuwa na miaka 20 ya kuwaamini.

*Kwani wafadhili wa nje wana ubaya gani? Wanatoa hela nyingi mara moja na hawaingilii. — Nairobi*

Hawana ubaya, na kazi nyingi nzuri za uchunguzi Afrika zimelipwa nao, sitaki kuwasahau. Ila Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje siku ya kwanza tu ofisini, na Reporters Without Borders, shirika la kutetea waandishi, wakasema dola milioni 268 zilizokuwa zimetengwa kwa vyombo huru vya habari duniani zimekwama. OCCRP, wale wanaofuatilia hela chafu nchi kibao, walilazimika kupunguza wafanyakazi. Hakuna stori mbaya waliyoandika, hakuna kosa walilofanya. Uchaguzi wa nchi nyingine tu. Mfadhili akija mchukue kwa kitu chenye mwanzo na mwisho, mafunzo, kamera, uchunguzi mmoja. Mishahara ya kila mwezi itoke kwa watu wa hapa, hata ikiwa midogo kwa miaka ya mwanzo.

*Mimi sio mwandishi, nafanya kazi ofisi ya serikali na nina karatasi zinazoonyesha wizi. Nawezaje kuzifikisha kwa hivi vyombo bila kupoteza kazi au zaidi? — Sitasema niko wapi*

Umefanya vizuri kutosema. Usizipige chapa kwa mashine ya ofisi wala kuzituma kwa kompyuta au WiFi ya ofisi, usizipige picha ukiwa kwenye meza yako na simu unayotumia kila siku ikiwa kwenye data. Jiulize karatasi hizi wameziona watu wangapi, kama ni watatu tu basi zikichapwa zilivyo utajulikana siku hiyohiyo, mwambie mwandishi hivyo kabla hujampa, mwandishi mzuri atatafuta njia ya kupata karatasi hizohizo kwa mlango mwingine ili wewe usionekane kabisa. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo mawasiliano ya kwanza yasiwe kwa kupiga simu ya kawaida wala SMS, tumia app ya Signal, inayoficha meseji zisisomwe na mtu wa kati, weka meseji zijifute, na usitumie simu ya kazi. Ukiweza mkutane uso kwa uso mahali ambapo wote wawili mna sababu ya kuwepo. Usimwambie mtu nyumbani, sio kwa kutomwamini, ni kwa kumlinda.

Kabla ya yote hayo mpime huyo mwandishi. Muulize karatasi zitahifadhiwa wapi, nani mwingine ataziona, na akiletewa amri ya mahakama atafanya nini. Akijibu haraka haraka na kukuahidi kila kitu, ondoka. Na usizitume kwenye anwani ya gazeti hili, inafunguliwa na watu wengi.